Amana ya Mshitiri

Mwaka 1884, katika soko la Kirkgate mjini Leeds, Uingereza, kijana mmoja mhamiaji aliyeitwa Michael Marks, Myahudi aliyetoka katika nchi ambayo leo huitwa Belarusi na ambaye Kiingereza chake kilikuwa bado kichache, alitandaza meza ya bidhaa ndogondogo akaweka bango lililowaambia wapita njia wasiulize bei, kwa kuwa kila kitu kilikuwa peni moja. Biashara ile haikuhitaji maneno mengi. Mshitiri alichagua alichokitaka, akatoa peni yake, akaenda zake. Na muuzaji hakulijua jina lake, wala nyumba yake, wala siku aliyozaliwa, wala hakuwa na haja ya kuyajua hayo. Miaka kumi baadaye Marks alishirikiana na Thomas Spencer, na ushirika wao ukazaa kampuni ya Marks & Spencer, ambayo imewavisha na kuwalisha Waingereza kizazi baada ya kizazi.

Duka hilohilo, lilipotimiza miaka mia moja na arobaini, lilikuwa limekwisha kujua mengi mno juu ya mshitiri wake. Ijapokuwa mtu aweza hata leo kuingia na noti mkononi, akanunua maziwa na kutoka kama alivyoingia, wengi hawafanyi hivyo tena: huagiza kwa simu, huletewa mzigo mlangoni, hujiandikisha kupata kadi ya pointi ili wapunguziwe bei, na katika kila hatua huacha jambo moja la maisha yao, leo anwani, kesho nambari ya simu, keshokutwa tarehe ya kuzaliwa, hata mambo hayo madogo yanapokusanywa pahala pamoja huwa ni wasifu kamili wa mtu. Mambo hayo ni amana. Mshitiri hakuyauza wala hakuyatoa sadaka. Ameyaweka kwa mwenye duka kwa kazi maalumu, akitaraji kwamba yatahifadhiwa. Nayaandika makala haya kwa sababu naona kwamba kila duka kubwa linapovamiwa na wadukuzi habari hutangazwa kwa hesabu ya hasara ya tajiri, hisa zilizoshuka na mauzo yaliyopotea, ilhali hasara ya mwenye amana hutajwa mwishoni kwa sentensi moja au mbili, kana kwamba ni jambo la pembeni.

Yaliyotokea Uingereza mwaka 2025 yanafaa kutazamwa taratibu, maana yanaonyesha hasara zote mbili kwa pamoja. Katika siku za Pasaka za mwezi Aprili, wakati ambao maduka hufurika watu wanaonunua vyakula vya sikukuu, washitiri wa Marks & Spencer waligundua kwamba kadi zao, ambazo kwa desturi huzigusisha tu kwenye mashine na malipo yakapita, hazikukubaliwa katika baadhi ya maduka; na waliokuwa wameagiza vitu mtandaoni ili wavichukue dukani waliambiwa warudi siku nyingine. Wavamizi walikuwa wamekwisha kuingia katika mitambo ya kampuni tangu tarehe 17, na kampuni yenyewe ilitambua tarehe 19. Tarehe 22 ilitangaza hadharani kwamba imeshambuliwa. Tarehe 25 ilisimamisha kabisa kupokea maagizo ya mtandaoni, na mlango huo, ambao kwa wastani ulikuwa ukiingiza pauni milioni 3.8 kila siku kwa mauzo ya nguo na vyombo vya nyumbani, ukakaa umefungwa kwa muda wa siku 46, hadi tarehe 10 Juni ulipoanza kufunguliwa kidogokidogo. Ile huduma ya kuagiza nyumbani na kuchukua dukani haikurejea mpaka mwezi Agosti.

Yamkini msomaji atadhani kwamba kampuni ya namna ile, yenye watumishi zaidi ya 60,000 na fedha za kuwaajiri mafundi hodari, ilishindwa na ufundi wa ajabu, na kwamba mahali fulani palikuwa na kijana mwenye akili isiyo ya kawaida aliyevunja kuta za hesabu ambazo wengine hawakuweza kuzivunja. Sivyo. Archie Norman, mwenyekiti wa bodi ya kampuni hiyo, alipofika mbele ya kamati ndogo ya Bunge la Uingereza tarehe 8 Julai, alieleza kwamba wavamizi waliingia kwa hila ya mtu kujifanya mtu mwingine, na kwamba hila hiyo ilipitia kwa kampuni ya nje iliyokuwa ikitoa huduma. Mlango haukuvunjwa, bali ulifunguliwa na mtu aliyedhani kwamba anamsaidia mwenye haki.

Hila ya namna hiyo inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayotumika zaidi na ndiyo iliyo rahisi kufahamika. Kila kampuni kubwa ina dawati la msaada wa kompyuta, mara nyingi lililokodishwa kwa kampuni nyingine na pengine likiwa katika nchi nyingine kabisa, ambako mtumishi aliyesahau nywila yake hupiga simu ili afanyiwe nyingine. Laghai huanza kwa kumchunguza mtumishi mmoja wa kweli: jina lake kamili, cheo chake, idara yake, jina la mkubwa wake, mambo ambayo aghalabu yamewekwa wazi na wenyewe katika kurasa za mtandao za watu wanaotafuta kazi. Kisha hupiga simu. Huzungumza kwa lahaja ya mahali hapo, kwa sauti ya mtu aliyechoka na mwenye haraka. Husema kwamba simu yake imeharibika, hivyo ile nambari ya siri ambayo hutumwa kwenye simu kuthibitisha haimfikii, na kwamba ana mkutano baada ya dakika chache na mkubwa wake ataghadhibika. Aliye upande wa pili amefundishwa kuwa mwema, hupimwa kwa wingi wa watu aliowasaidia kwa siku na kwa uchache wa dakika alizozitumia kwa kila mmoja, na hana njia ya kuuona uso wa mpigaji. Anauliza maswali mawili matatu ambayo majibu yake laghai ameyaandaa, anambadilishia nywila, anaiunganisha akaunti na simu mpya. Tangu hapo mgeni ni mwenyeji. Hutembea ndani ya mitambo kwa jina la mtumishi halali, akipanda kutoka chumba hadi chumba akitafuta akaunti yenye mamlaka makubwa zaidi, na hakuna kengele inayolia, kwa kuwa mwizi aliyepewa ufunguo na mlinzi hana sababu ya kuvunja dirisha.

Norman aliiambia kamati kwamba watu wapatao 50,000, watumishi na makandarasi, walikuwa na namna fulani ya kuifikia mitambo ya kampuni yake. Kwa hesabu hiyo mlinzi anapaswa kufaulu mara 50,000, na mvamizi anatosheka na kufaulu mara moja. Simlaumu mtu wa dawati la msaada, na wala si haki alaumiwe. Lawama, kama ipo, ni ya wale waliopanga kazi kwa namna ambayo wema na wepesi vilihesabiwa kuwa sifa, na hadhari ikahesabiwa kuwa uzito.

Waliofanya jambo hili wanadhaniwa kuwa ni kundi la vijana ambalo wachunguzi wamelipa jina la Scattered Spider, kundi lisilo na mkuu wala ofisi, ambalo wengi wa wanaotajwa kuwa wanachama wake ni vijana wa Uingereza na Marekani wanaozungumza Kiingereza cha kuzaliwa nacho, na huo ndio mtaji wao mkubwa wanapopiga simu. Kundi hilohilo lilihusishwa na shambulio la mwaka 2023 juu ya MGM, wenye mahoteli na nyumba za kamari za Las Vegas, lililoigharimu kampuni hiyo takriban dola milioni 100. Silaha yenyewe waliikodi. Nyuma yao palikuwa na jamii nyingine iitwayo DragonForce, inayotengeneza programu ya kufunga mafaili na kuikodisha kwa yeyote awezaye kuingia mahali, kwa sharti la kupewa sehemu ya kikombozi kitakachopatikana. Programu hiyo ikishaachiliwa huyageuza mafaili yote kuwa maandishi yasiyosomeka, na ufunguo wa kuyarejesha hubaki kwa wezi. Na ili mwenye mali asipone hata kama ana nakala zake salama, wezi huwa wamekwisha kuchukua nakala za siri za wateja kabla ya kufunga, wakitishia kuzitangaza. Stuart Machin, mtendaji mkuu wa Marks & Spencer, alipelekewa madai hayo kwa baruapepe. Iwapo kampuni ililipa kikombozi au haikulipa, Norman alikataa kuliambia Bunge.

Sasa turudi dukani, maana huko ndiko mtu wa kawaida alikokutana na jambo hili. Mtu angeweza kuuliza: kompyuta zikifungwa, mkate unahusikaje? Mkate upo, tanuri lipo, lori lipo na dereva yupo. Lakini duka la siku hizi halina ghala kubwa nyuma yake kama maduka ya zamani. Mashine ya keshia inaposoma pakiti ya mkate, habari huenda papo hapo kwenye mtambo unaohesabu vilivyobaki katika rafu. Mtambo huo hukisia, kwa kutazama mauzo ya siku kama hiyo katika majuma yaliyopita na hali ya hewa inayotarajiwa, ni mikate mingapi itahitajika kesho. Agizo huenda kwa mwokaji bila mkono wa mtu kuligusa. Lori hupangiwa njia na saa. Na mzigo hufika asubuhi ukiwa na kadiri ileile inayotakiwa, bila ziada. Utaratibu huo umeondoa upotevu mwingi na umeshusha bei, na hilo ni jambo jema. Lakini umeondoa pia akiba, na umeondoa ile ilimu ya meneja wa duka aliyekuwa akijua kwa kichwa chake watu wa mtaa wake hula nini siku ya Ijumaa. Mtambo ulipozimwa ili kuzuia maradhi yasienee, palibaki karatasi na kalamu. Watumishi wakawa wanahesabu rafu kwa macho, wanaandika, wanapiga simu. Duka moja likapata vyakula visivyo na wanunuzi hata vikaharibika, na jingine likabaki na rafu tupu na kikaratasi cha kuomba radhi. Hata Greencore, kampuni itengenezayo sandwichi za maduka hayo, ilibidi irudie kalamu na kuongeza mizigo yake ili rafu zisikauke.

Wakati huohuo janga la pili lilikuwa limefika mlangoni mwa Co-op, jumuiya ya ushirika ambayo asili yake ni wale watu 28 wa Rochdale waliofungua duka lao la unga, siagi na sukari mwaka 1844, na ambao fikra zao zilienea hata zikafika kwetu katika vyama vya ushirika vya kahawa na pamba. Mafundi wa Co-op walipohisi wageni ndani ya nyumba walifanya jambo ambalo wengi huliogopa: waliikata mitambo yao wenyewe na mtandao kabla ya wezi kuachilia programu ya kufunga mafaili. Uamuzi ule uliwaudhi wezi, ambao baadaye walimwandikia mwandishi mmoja wa BBC wakilalamika kwamba Co-op imejizima yenyewe. Watumishi waliagizwa kwamba katika mikutano yao ya video kila mtu afungue kamera, uso uonekane na jina lihakikiwe, kwa hofu kwamba adui ameketi miongoni mwao akisikiliza. Agizo dogo, lakini ukilifikiri linakuonyesha hali ya kampuni ambamo mtu hawezi tena kuwa na yakini kwamba sauti anayoisikia ni ya mwenzake.

Gharama ya kujizima ililipwa na watu wa mbali. Katika visiwa vya Uskoti, kama vile Skye, ziko sehemu ambazo duka la Co-op ndilo duka kubwa la pekee, na asiyepata nyama na matunda pale hana jirani wa kumwendea isipokuwa kwa safari ndefu ya gari au ya chombo. Rafu zilipokauka huko halikuwa suala la mtu kukosa aina ya jibini aipendayo, bali la mama kutafuta chakula cha wanawe kwa juma zima. Co-op iliyatambua hayo, ikayapa maduka hayo ya mbali kipaumbele cha mizigo mipya, nami naona hilo lahesabika kwao kwa wema. Hata nyumba zao za mazishi, maana jumuiya hiyo huendesha shughuli hizo pia, baadhi zilirudia kuandika kwa mkono. Haya ndiyo ninayotaka msomaji ayashike: shambulio la mtandao hutajwa kama jambo la hewani, lisilo na harufu wala uzito, lakini linapotua hutua juu ya mkate wa mtu na jeneza la mtu.

Na amana je? Tarehe 13 Mei, siku 24 baada ya kuutambua uvamizi, Marks & Spencer iliwaambia washitiri wake kwamba baadhi ya habari zao zimechukuliwa: majina, anwani za nyumbani na za baruapepe, nambari za simu, tarehe za kuzaliwa, na orodha ya vitu walivyowahi kuviagiza. Iliwatuliza kwamba nambari za kadi za kutumika kwa malipo hazikuchukuliwa, wala nywila, na kwamba hapakuwa na jambo wanalolazimika kulifanya, ila wataombwa kubadili nywila na wajihadhari na barua za ulaghai. Kwa upande wa Co-op, mtendaji wake mkuu, Shirine Khoury-Haq, alikiri mwezi Julai katika televisheni ya BBC kwamba habari za wanachama wote milioni 6.5 zilinakiliwa, majina na anwani na njia za kuwafikia. Sio baadhi, wote.

Ile faraja ya kwamba kadi hazikuguswa hupokewa kwa furaha kila mara, na kwa mtazamo wangu hupokewa kwa furaha iliyozidi kiasi. Kadi ya benki ikiibwa, mwenyewe hupiga simu, kadi ikafungwa, ikaletwa nyingine katika siku chache, na benki aghalabu hurejesha fedha zilizopotea. Hasara yake ina mwanzo na ina mwisho. Tarehe ya kuzaliwa haibadilishwi. Anwani haihamishwi kwa sababu ya mwizi. Mtu aliyezaliwa tarehe fulani, anayekaa nyumba fulani, aliyenunua viatu vya mtoto wa miaka minne mwezi Februari, atabaki na habari hizo maisha yake yote, na wezi watabaki nazo, wakiuziana kutoka mkono hadi mkono. Kinachofuata si wizi wa papo hapo, ni simu moja baada ya mwaka. Sauti ya upole itamwita kwa jina lake kamili, itamtajia anwani yake, itamkumbusha vile viatu, itasema kuna marejesho ya fedha yanayomngoja na kinachohitajika ni kuhakikisha tu akaunti yake ya benki. Angeshukuje? Mambo yote aliyotajiwa ni ya kweli, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyatoa, kwa duka aliloliamini. Hila ileile iliyotumika juu ya dawati la msaada sasa inatumika juu ya mshitiri, tena kwa zana zilizoibwa katika mara ya kwanza.

Wamarekani walikwisha kuyaonja haya zaidi ya miaka kumi kabla. Katika msimu wa manunuzi ya Krismasi wa mwaka 2013, kampuni ya maduka ya Target iliibiwa nambari za kadi zipatazo milioni 40, pamoja na majina, anwani na simu za watu wanaofikia milioni 70. Na mlango ulikuwa nini? Mkandarasi wa kutengeneza mitambo ya ubaridi, kampuni ndogo iliyopewa ruhusa ya kuingia katika mtandao wa Target kwa ajili ya hesabu zake, na ambayo nywila yake ilikuwa imeibwa kwanza. Mtendaji mkuu wa Target alijiuzulu mwezi Mei 2014, na mwaka 2017 kampuni ilikubali kuyalipa majimbo 47 na wilaya ya mji mkuu dola milioni 18.5. Ukizigawa fedha hizo kwa watu walioibiwa, hazifiki hata nusu dola kwa kichwa, tena hazikugawiwa wao.

Kwa upande wa tajiri hesabu ziko wazi, kwa sababu sheria humlazimisha azitoe. Marks & Spencer ilikadiria mapema kwamba shambulio lingepunguza faida yake ya uendeshaji kwa kiasi cha pauni milioni 300 kwa mwaka. Katika nusu ya kwanza ya mwaka wake wa fedha, faida kabla ya kodi ilianguka kutoka pauni milioni 391.9 hadi milioni 3.4, hata baada ya bima kuilipa pauni milioni 100. Co-op ilipoteza mauzo ya pauni milioni 206 katika nusu mwaka. Next, mshindani wa Marks & Spencer ambaye hakuvamiwa, aliona mauzo yake yakipanda na akaeleza kwamba matatizo ya mwenzake yalikuwa miongoni mwa sababu. Fedha hizo ni nyingi, sikatai, na nyuma yake kuna watumishi waliokesha majuma mfululizo bila kulala vya kutosha. Lakini ni hasara zenye bima, zenye mwaka wa kufidiwa, zenye wahasibu. Wanachama wa Co-op walipewa punguzo la pauni 10 kwa atakayenunua vitu vya pauni 40. Sijui mhasibu gani aliyekaa akaona kwamba hiyo ndiyo thamani ya jina na anwani ya mtu, na iwapo nia ilikuwa kuwashukuru tu kwa subira yao, basi bado haijasemwa ni nini watakachopewa kwa amana yao iliyopotea.

Tarehe 10 Julai polisi wa Uingereza waliwakamata vijana wanne kuhusiana na mashambulio haya: wawili wa miaka 19, mmoja wa miaka 17, na mwanamke wa miaka 20. Mahakama itasema yake. Mimi nilipoisoma miaka yao nilihuzunika, kwa kuwa wenye umri huo katika nchi yoyote ndio tunaowapeleka shuleni wajifunze mitambo hii, na hatuwaelezi kwamba nyuma ya kila safu ya majina yapo macho ya mtu.

Wala mambo haya si ya Ulaya na Marekani peke yake. Mwezi Aprili 2023 Naivas, kampuni ya Kenya yenye maduka mengi, ilitangaza kwamba imeshambuliwa kwa programu ya namna hiyohiyo na kwamba baadhi ya data zake zilichukuliwa. Na ile hila ya kujifanya mtu mwingine sisi tunaifahamu vyema kuliko tunavyodhani: ni nani asiyewahi kupokea ujumbe wa kumwambia ile hela itume kwenye namba hii, au simu ya mtu anayedai kuwa ni wa kampuni ya simu na kwamba laini yako itafungwa usipomtajia tarakimu zilizokuja? Tofauti ni moja tu: laghai wetu wa leo, kwa sehemu kubwa, hubahatisha, hatumii ila nambari aliyoiokota, na ndiyo maana wengi humtambua na kumkatia simu. Siku atakapokuwa na jina lako, mtaa wako, na orodha ya vitu ulivyonunua mwezi uliopita katika duka kubwa la mjini, hatabahatisha tena. Kadi za pointi zimekwisha kufika Nairobi na Dar es Salaam, na risiti ya malipo kwa simu hubeba nambari ya mnunuzi. Keshia huuliza nambari ya simu hata kwa mtu aliyenunua sabuni, naye huitaja kwa sauti mbele ya foleni nzima.

Sheria tunazo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na inamtaka mwenye kuhifadhi data, pindi zinapoibwa na kuwatia wenyewe hatarini, amjulishe Kamishna wa Data katika muda wa saa 72, na wahusika nao waarifiwe kwa maandishi. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ikaunda Tume ya kuisimamia. Huko Uingereza, ambako sheria za namna hii ni za siku nyingi, Norman aliliambia Bunge kwamba anafahamu makampuni mawili makubwa yaliyoshambuliwa vibaya katika miezi michache kabla bila habari zake kutolewa, akashauri kwamba kutoa taarifa za mashambulio makubwa kuwe ni lazima. Maneno hayo ni mazito yanapotoka kwa mtu aliyeumia, na watunga sheria wetu wangefanya vyema kuyasikiliza kabla wao wenyewe hawajaitwa kusikiliza maungamo ya wafanyabiashara wa hapa.

Ninalolitamani katika nchi zetu ni kwamba siku duka likiibiwa amana, barua itakayomfikia mshitiri iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka na mtu aliyeishia darasa la saba. Itaje kitu kimoja kimoja kilichochukuliwa, isiseme baadhi ya taarifa. Itaje siku wezi walipoingia na siku duka lilipojua. Imweleze ni maneno gani laghai anaweza kuyatumia atakapompigia. Na iwe na nambari ya simu ambayo akiipiga atapokewa na binadamu mwenye ruhusa ya kumjibu kwa nini duka liliihitaji tarehe yake ya kuzaliwa ili limuuzie mchele.